Kufundisha Kiingereza ndani ya kipindi cha Jiografia, Kidato cha Kwanza

Mwanafunzi aliyesoma msingi kwa Kiswahili, awe wa Bahi, Chamwino au Kondoa, mmomonyoko wa udongo anaujua: korongo analivuka kila siku akienda shule. Asichokuwa nacho ni sentensi ya kuusemea. Kwa hiyo misamiati ishirini ubaoni haimsaidii. Chagua maneno manane na viunzi viwili vya sentensi, basi.

Maneno: soil, bare, cover, roots, slope, run-off, gully, heavy rain. Viunzi: "The water from A is dirtier than the water from B" na "... because ...". Viandike kwenye mfuko wa sandarusi uliopasuliwa. Hauchaniki kama manila, na mwakani utautumia tena.

Kila kundi la watu sita lilete chupa mbili za maji za lita 1.5. Kata dirisha refu ubavuni mwa kila chupa, ilaze, jaza udongo hadi usawa wa mdomo. Chupa A iache na udongo mtupu. B panda nyasi zilizong'olewa na udongo wake. Kiangazi, Dodoma ikiwa imekauka, funika kwa majani makavu. Inua kitako kwa kipande cha tofali, kinga glasi angavu mdomoni. Mwagia kila moja nusu lita kwa chupa yenye kifuniko kilichotobolewa matundu kumi. Ukimwaga kwa kopo, maji huchimba B pia na tofauti haionekani.

Kabla ya kumwaga, dakika tano za Kiswahili: nini kitatokea, na kwa nini? Walimu wengine huona huko ni kurudi nyuma. Sivyo, asiyekuwa na wazo hana cha kukisema kwa lugha yoyote. Maji yakishatoka, kila mmoja amwambie jirani yake sentensi nzima kwa Kiingereza, akitazama sandarusi. Kuandika kunafuata baada ya kusema.

Utasikia "big rain", maana nyumbani ni mvua kubwa. Utasikia "rain is many". Utaona "because of the soil is bare": because hufuatwa na sentensi, because of hufuatwa na jina. Na udongo wa mfinyanzi wataita soil, kwa sababu Kiswahili kinatumia udongo kwa vyote viwili. Waonyeshe clay mkononi.

Kipindi cha pili, soma nao aya fupi uliyoitunga kuhusu mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973. Sentensi moja iwe: "In 1979 livestock were removed from the eroded area of Kondoa, so the grass grew again." Waigeuze kwa because. Wengi watabadili neno tu bila kupindua sentensi, na hapo nyasi ndizo zitakuwa zimefukuza ng'ombe. Waache wacheke, kisha wapindue.

Ukisahihisha, wekea alama nyekundu kosa la kiunzi cha siku hiyo tu. Daftari likijaa wekundu, kesho yake mtoto atanakili ubao asikosee. Jibu likiwa sahihi kijiografia lakini Kiingereza kimevunjika, mpe alama ya Jiografia.

Malizia kwa swali la mtindo wa mtihani: "Account for the dirty water in A." Ulizia kwanza account ni nini. Watasema ya benki; waambie account for hapa ni kutoa sababu.