Jinsi ya kuweka picha ya mchoro wenye hakimiliki kwenye makala ya Wikipedia na ikabaki

Kama unaandika makala kuhusu mchoro au msanii, kishawishi nakijua, unaikuta picha safi kwenye Google, unaidaka, unaibandika juu ya makala, baada ya siku chache unakuta imepigwa lebo ya kufutwa na huelewi umekosea wapi. Mara nyingi tatizo sio picha yenyewe, tatizo ni kwamba makala haisemi chochote kuhusu hiyo picha, imekaa pale kama pambo. Kwahiyo kama utashika kitu kimoja tu hapa shika hiki: andika maneno kwanza, picha ifuate maneno.

Ila kabla ya yote hakikisha huo mchoro kweli bado una mwenyewe, maana wapo watu wanahangaika kuandika utetezi mrefu (maelezo ya kwanini wanatumia picha bila ruhusa) kwa mchoro ambao ushakuwa mali ya umma siku nyingi. Kwa sheria ya Marekani, ambayo ndio inaangaliwa sana huko Wikipedia, kazi za zamani zilizochapishwa hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa (kuchapishwa, sio kuchorwa, angalia hapo). Nchi nyingi nyingine zinahesabu kuanzia kifo cha msanii, miaka 70 au 50 inategemea na nchi. Hizo hesabu mbili hazifiki pamoja. Henri Matisse alifariki 1954, Ufaransa ulinzi wa kazi zake ukaisha mwisho wa 2024, lakini kazi yake iliyochapishwa miaka ya 1940 bado inaweza kuwa imefungwa Marekani kwa miaka kadhaa ijayo. Wikimedia Commons, ile hifadhi ya picha huru inayotumiwa na Wikipedia za lugha zote, wanataka iwe huru sehemu zote mbili, Marekani na nchi ilikotoka. Na kama mchoro wenyewe ushakuwa huru usiogope jumba la makumbusho likiandika alama ya hakimiliki chini ya picha yao, mahakama ya shirikisho New York mwaka 1999 kwenye kesi ya Bridgeman na Corel ilisema kupiga picha mchoro bapa kwa uaminifu bila kuongeza ubunifu hakuzai haki mpya, na Wikimedia wanafuata msimamo huo.

Sanamu ni kesi nyingine kabisa. Picha ya sanamu ina haki mbili ndani yake, ya mchongaji na ya mpiga picha, maana mpiga picha amechagua pembe na mwanga. Sasa hata kama ya mchongaji unaitumia kwa utetezi wa matumizi ya haki (fair use, yaani kutumia kazi inayolindwa bila ruhusa kwa masharti maalum), ile ya mpiga picha inatakiwa iwe na leseni huru, kwa sababu mtu mwingine anaweza kwenda pale akapiga yake na kuiachia. Kama sanamu ipo sehemu ya wazi nenda kapige mwenyewe, utapunguza kelele nusu nzima.

Na msanii akiwa hai, muulize! Watu wanaruka hii hatua sijui kwanini. Ila mweleze ukweli wote: leseni kama CC BY-SA inaruhusu mtu yeyote aitumie, hata kibiashara, hata kwenye fulana, mradi amtaje na aachie chini ya masharti yaleyale. Akikujibu "sawa lakini kwa Wikipedia tu", hiyo haihesabiki kama leseni huru, usiipakie Commons kwa kisingizio hicho. Akikubali kikamilifu, athibitishe mwenyewe kwa barua pepe kwenda kwa timu ya ruhusa ya Wikimedia, neno lako wewe peke yako halitoshi. Pia muulize mwenye haki, sio mwenye mchoro, maana aliyeununua na kuutundika ukutani kanunua kitu chenyewe, haki kwa kawaida inabaki kwa msanii au warithi wake mpaka aihamishe kwa maandishi.

Umeshindwa njia zote hizo? Basi ndio unaingia kwenye matumizi ya haki. Sheria ya hakimiliki ya Marekani, kifungu cha 107, inapima mambo manne: unaitumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na unaathiri vipi soko la mwenyewe. Wikipedia ya Kiingereza wamejiwekea masharti yao kumi, makali kuliko sheria, kwahiyo kusema tu "sheria inaruhusu" haikusaidii. Tangu 2007 kila Wikipedia inayotaka picha za namna hii lazima iwe na sera yake iliyoandikwa, na zingine zimekataa kabisa, Kijerumani na Kihispania kwa mfano. Soma ya lugha unayoandikia. Commons hawapokei picha za namna hii hata moja, faili linapakiwa kwenye Wikipedia ya lugha husika.

Sasa turudi kwenye maneno, hapa ndipo picha inapona au kufa. Chukua Guernica ya Picasso, ya 1937. Kwenye makala ya mchoro wenyewe haina ubishi, msomaji hawezi kuelewa maelezo ya yule farasi anayelia, mama aliyebeba mtoto mfu, ile taa juu, bila kuiona. Kwenye makala ya Picasso inawezekana, kama kuna aya inayochambua kazi hiyo na kutaja wahakiki wamesema nini. Kwenye makala ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Hispania inabidi ujieleze zaidi, sentensi moja ya kupita haitoshi. Kwenye makala ya farasi, sahau. Jipime hivi: ficha picha, soma aya, kama hakuna kitu umekosa basi picha haihitajiki. Na mambo ya kupanga michoro kumi kwenye galari mwisho wa makala ya msanii ili watu waone kazi zake, yanafutwa, chagua moja mbili zinazobeba mtindo wake na uziandikie kwa vyanzo.

Ukubwa nao. Kipimo kinachotumika ni kama pikseli 100,000 kwa jumla, upana mara urefu. Faili la 2000 kwa 1500 lina milioni tatu, kwahiyo unalishusha mpaka kama 365 kwa 274. Guernica kwa vile ni ndefu inatoka kama 470 kwa 211. Ukisahau kuna boti (bot, programu inayojiendesha) itakupunguzia, ila ni vizuri ufanye mwenyewe uone kama kile unachokizungumzia bado kinaonekana, na kama hakionekani eleza kwanini unahitaji kubwa kidogo.

Ukurasa wa faili, ule wenye maelezo ya picha uliyopakia, usiujaze kwa kukopi kopi. Unataka jina la msanii, jina la kazi na mwaka, umeitoa wapi picha, nani ana haki, lebo ya leseni (kwa michoro ni Non-free 2D art), halafu utetezi kwa kila makala peke yake, makala mbili tetezi mbili. Pale panapouliza lengo usiandike "kuonesha mchoro", andika picha inasaidia aya gani kuelewa nini. Pale panapouliza kama kuna mbadala huru, jibu kwa sababu, mfano mchoro wenyewe bado unalindwa kwahiyo nakala yoyote itakuwa na haki hiyohiyo.

Picha hizi zinakaa kwenye makala tu. Sio kwenye rasimu, sio ukurasa wako wa mtumiaji, sio kwenye vigezo (templeti). Kwahiyo usipakie mapema, maliza makala kwanza iwe hewani, maana faili lisilotumika kwenye makala yoyote likishawekewa lebo linafutwa baada ya siku 7. Na ukipigwa lebo ya kufutwa usiing'oe kimya kimya, nenda kwenye mjadala wake, onesha aya na vyanzo, na kama aya ni dhaifu iongezee nyama siku hiyohiyo kabla hujaanza kubishana.