Kurekebisha kabureta ya Honda CG125 ya zamani, kuanzia plagi hadi jeti kuu

Honda CG125 nyingi zinazoingia katika karakana yangu hapa Iringa huletwa na shitaka moja tu, kwamba kabureta imekufa, na mara nyingi kabureta hiyo husingiziwa. Kabureta ya slaidi (kipande kinachopanda na kushuka ndani yake ukivuta resi) ya pikipiki hii, ambayo mfano wake umeigwa katika pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na cc 150, ina vitu vichache vinavyochakaa. Tatizo lake ni kwamba skrubu zake ziko wazi, na kila mwenye bisibisi hujiona ana haki ya kuzizungusha. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia mbali na kabureta yenyewe.

Hatua ya kwanza: ondoa visingizio

Injini ikiwa ya baridi, pima nafasi ya tapeti kwa fila geji, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Kwa CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, na tapeti iliyobana hufanya pikipiki isitulie kwenye sailensi, yaani injini ikiwaka bila kuvuta resi, hali inayofanana kabisa na jeti (kitundu cha kupimia petroli) iliyoziba. Chomoa plagi, isafishe au uibadilishe, na uhakikishe pengo lake ni kati ya milimita 0.6 na 0.7. Angalia chujio la hewa, kwa kuwa lililojaa vumbi hunyima injini hewa na kufanya mafuta yaonekane mengi. Kisha chomoa mpira wa petroli, elekeza mdomo wake kwenye chupa na ufungue koki: petroli itoke mfululizo bila kukatika. Ikianza vizuri na kufifia baada ya dakika kadhaa, fungua kifuniko cha tangi. Ikirudi kwa nguvu, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba, na kazi yako imeishia hapo.

Hatua ya pili: tafuta hewa ya wizi

Mwaka jana nililetewa pikipiki ya mchuuzi wa maziwa iliyokuwa imepita kwa mafundi watatu. Ukiachia resi, injini iliendelea kuvuma juu, ikashuka taratibu kama mtu asiyetaka kukaa, na ilitulia tu choki ikivutwa. Jeti kuu ilikwisha kuchokonolewa hadi tundu lake likawa na umbo la yai. Nilichukua chupa ya kupulizia maji na kunyunyiza kidogo kwenye kiungo cha kabureta na kichwa cha injini, injini ikiwa inawaka, na papo hapo mlio ukabadilika, dalili kwamba hewa ilikuwa ikiingia hapo bila kupitia kabureta. Kati ya kabureta na kichwa cha injini kuna kipande kigumu cheusi cha kuzuia joto, na oringi yake, yaani pete ya mpira ya kuziba, ilikuwa imelala bapa kabisa. Tuliweka oringi mpya pamoja na jeti ya namba ya awali, na sailensi ikarudi bila kugusa skrubu yoyote.

Ninatumia maji kwa makusudi. Wapo wanaonyunyiza petroli kwenye injini ya moto ili kupata jibu lile lile, jambo ambalo siwezi kumshauri mtu yeyote.

Hatua ya tatu: fungua na usafishe

Funga koki, mwaga petroli iliyomo kwenye bakuli la chini ya kabureta, legeza nati mbili na utoe kabureta. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, izungushe kwenda ndani polepole ukihesabu mizunguko hadi iguse mwisho, kisha uandike hesabu hiyo. Usiibane, kwa maana ncha yake ikipata mkwaruzo wa duara haitapangika tena.

Ndani ya bakuli, pikipiki iliyolala miezi kadhaa huwa na gundi ya kahawia iliyoachwa na petroli iliyokauka. Jeti ndogo ya sailensi ndiyo huziba kwanza, kwa kuwa tundu lake ni jembamba kuliko yote. Iinue kuelekea kwenye mwanga: ni lazima uone nukta angavu yenye duara kamili, na ukiona nukta yenye ukungu au umbo la nusu mwezi, bado kuna uchafu. Loweka kwa dawa ya kusafishia kabureta, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya laini wa umeme. Waya wa chuma hupanua tundu, na tundu lililopanuka halirudi. Katika baadhi ya kabureta za kuigiza jeti hii imepigiliwa na haitoki. Hapo tumia dawa na upepo wa kompresa tu, baada ya kuondoa floti (boya linaloelea ndani ya bakuli) na mipira yote.

Angalia ncha ya sindano ndogo inayosukumwa na floti. Ikiwa na alama ya pete, haizibi tena, petroli itafurika, na sehemu yake inaweza kushukia kwenye oili ya injini. Nusa oili, ikinuka petroli, ibadilishe kabla ya kuwasha.

Hatua ya nne: kimo cha petroli

Vaa mpira unaoonyesha ndani kwenye mdomo wa chini wa bakuli, uukunje kwenda juu ukiugusisha ubavuni mwa kabureta, fungua skrubu ya kumwagia na uache petroli iingie. Petroli itulie chini kidogo ya mshono wa bakuli. Ikipita mshono huo, floti imetoboka au ulimi wake umepinda, na jeti yoyote utakayoweka itakudanganya.

Hatua ya tano: sailensi

Unaporudisha slaidi, mkato wake uelekee upande wa chujio la hewa. Kabla ya kuwasha, vuta resi na kuiachia: slaidi iliyokaa vibaya hukwama juu, na injini hupiga kelele mara tu ikiwaka.

Endesha dakika kumi ili injini ipate joto. Anza na skrubu ya mchanganyiko ikiwa imefunguliwa mzunguko mmoja na nusu. Hapa wengi hupotea: skrubu iliyo upande wa chujio hupima hewa, hivyo kuifunga kunaongeza wingi wa mafuta, ilhali iliyo upande wa injini hupima mafuta, na kuifunga kunayapunguza. Izungushe robo kwa robo hadi mlio upande juu kuliko mahali pengine, kisha shusha kwa skrubu ya slaidi hadi mizunguko ipatayo 1,400 kwa dakika. Rudia mara mbili.

Hatua ya sita: barabarani

Bandika utepe kwenye kishikio cha resi na uweke alama za robo, nusu na robo tatu. Kasoro ikijitokeza chini ya robo, rudi kwenye jeti ya sailensi na skrubu yake. Ikiwa kati ya robo na robo tatu, husika na sindano ya slaidi: ukishusha klipu mfereji mmoja, sindano hupanda na mafuta huongezeka. Juu ya robo tatu ni jeti kuu. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila safari.

Ili kuhukumu jeti kuu, weka plagi mpya, panda mlima kwa gia ya tatu ukiwa umevuta resi yote, kisha shika klachi na uzime kwa ufunguo wakati huo huo, mahali ambapo barabara iko wazi. Chomoa plagi: kauri yake ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ni nzuri, masizi meusi ni mafuta mengi. Nyeupe kabisa ni hatari, kwa kuwa injini inaungua.

Pikipiki zinazoletwa Iringa kutoka Dar es Salaam huwa na masizi hata zikiwa nzima, kwa sababu katika mwinuko wa mita zipatazo 1,500 hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani, ilhali jeti ni ile ile. Nikikuta jeti kuu namba 100, najaribu 98, kisha 95. Jeti iliyotoka naifunga kwenye karatasi iliyoandikwa namba yake na kuiweka kwenye mfuko wa spana chini ya kiti, kwa sababu mwenye pikipiki akishuka nayo pwani bila kurudisha jeti hiyo, plagi itakuwa nyeupe kabla hajafika Chalinze.