Lumbesa kwenye tela: pima kilo, usihesabu magunia

Huku Njombe ukimuuliza mbeba viazi tela lake limebeba kiasi gani, atakujibu, "Magunia manne." Jibu hilo mimi silipokei. Gunia la kilo 100 na lumbesa, lile lililoshonewa kofia juu, yote yanaitwa gunia. Lumbesa imekatazwa kisheria lakini shambani bado utaikuta, na inaweza kufika kilo 130.

Tela langu likiwa tupu lina kilo 280, na halina breki zake lenyewe. Kitabu cha pikapu yangu kinataka tela la namna hiyo lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo. Magunia manne ya kilo 100 yanafikisha 680, naondoka. Lumbesa nne zinafikisha 800, siondoki. Wewe fuata kitabu cha gari lako, si namba zangu.

Kupanga nako kuna kazi yake. Magunia yalaze, usiyasimamishe. Uzito ulio mwingi ukae mbele kidogo ya ekseli, kisha funga kamba. Nyuma kukizidi, mkono wa tela, ule unaofungwa kwenye gari, unanyanyua matako ya gari na tela linaanza kuyumba barabarani. Mbele kukizidi sana, pua ya gari inainuka: usukani unakuwa mwepesi na taa zinawamulika usoni wanaokuja.

Njia ya kuhakikisha ni ileile mizani ya magunia. Egesha tela mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya matairi, kisha egemeza ncha ya mkono wake juu ya mizani, ukiinua kwa kipande cha mbao hadi kimo cha pale unapofungia kwenye gari. Toa uzito wa mbao. Kwa tela la kilo 680 mimi nataka nisome kama 70, yaani asilimia 10, mradi kitabu kinaruhusu. Kilo hizo 70 zinabebwa na gari, kwa hiyo abiria na mizigo ya kwenye bodi ipungue.

Upepo wa matairi pima yakiwa ya baridi. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono wa tela.

Tela likiyumba ukiwa kwenye mwendo, toa mguu kwenye mafuta, nyoosha usukani, acha gari lipunguze mwendo lenyewe. Usikanyage breki kwa pupa, wala usiongeze moto eti ulinyooshe. Mteremko mkali wa Kitonga ingia na gia nzito tangu juu kabisa; ukingoja breki zianze kunuka umeshachelewa.

Na ukishusha gunia Makambako, usiondoke hivyohivyo. Wateja hupenda kuchukua lililo karibu na mkono wao, mara nyingi la mbele, na uzito unabaki nyuma. Yaliyobaki yasogeze, funga kamba upya, kisha ndiyo uwashe gari.