Namna ya Kumfuatilia Chipukizi wa Besiboli Katika Ligi Ndogo za Marekani

Anayetaka kumfuatilia chipukizi wa besiboli aanze na umri wake, kabla hajatazama wastani wa kupiga (sehemu ya majaribio yake inayozaa mapigo yenye mafanikio) wala idadi ya homu rani, yaani mapigo yanayomwezesha kuzunguka bezi zote. Kijana wa miaka 19 anayepiga .260, yaani mapigo 26 kwa kila majaribio 100, katika daraja la Double-A, ambako warushaji wengi wamemzidi miaka minne au mitano, anatia matumaini kuliko mwenzake wa miaka 24 anayepiga .320 katika Single-A mbele ya vijana waliomaliza shule juzi.

Kwa sababu hiyo ni lazima kuzijua ngazi za ligi ndogo, zile zilizo chini ya ligi kuu. Tangu 2021 kila moja ya klabu 30 za ligi kuu ina timu nne za msimu mzima, yaani, kuanzia chini kwenda juu, Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Chini yake zipo ligi za makinda za Arizona na Florida, pamoja na ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, ambako huanzia wengi wa wale wanaosaini mkataba wakiwa na miaka 16 tu. Kwa maoni yangu mlima halisi ni ule wa kutoka High-A kwenda Double-A, kwa kuwa huko mrushaji huweza kuuweka mpira wa kupinda mahali anapotaka, na mpigaji aliyezoea kuvizia mipira ya kasi huumbuka. Mwezi wake wa kwanza huko usiuhesabu sana.

Ukifungua takwimu zake, soma safu mbili kwa pamoja: mara alizotolewa kwa straiki tatu (majaribio matatu yaliyoshindikana), na mara alizopewa bezi ya kwanza bila kupiga kwa kuwa mrushaji alirusha mipira minne mibaya. Tuseme amesimama kupiga mara 400, akatolewa kwa straiki mara 120 na kupewa bezi mara 24. Hiyo ni asilimia 30 kwa asilimia 6, na hata akiwa na homu rani 25 mtu huyo anafukuza mipira asiyopaswa kuigusa. Warushaji wa juu watamrushia hiyo hiyo mpaka ajirekebishe. Homu rani zenyewe uzipime kwa uwanja: Reno na Albuquerque, miji miwili ya Triple-A, iko juu sana, hewa yake ni nyepesi na mpira huenda mbali kuliko kawaida.

Nafasi aliyochaguliwa katika drafti, zoezi la kila mwaka ambapo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, isikulevye. Brien Taylor, mrushaji aliyechaguliwa wa kwanza kabisa na klabu ya New York Yankees mwaka 1991, aliumia bega katika ugomvi nje ya uwanja na hakuifikia ligi kuu. Mike Piazza, aliyechukuliwa katika raundi ya 62 mwaka 1988, leo yumo katika Jumba la Mashujaa la besiboli. (Drafti ya sasa ina raundi 20 tu, hivyo Piazza wa leo asingeitwa.)

Klabu yenyewe inamwonaje? Jibu hulipata Novemba, inapotangaza orodha yake ya wachezaji 40, ambao klabu nyingine haziwezi kuwachukua. Aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini yake huwa na misimu mitano kabla ya klabu kulazimika kuamua, na aliyesaini akiwa mkubwa zaidi misimu minne. Ikipita bila kuingizwa katika orodha hiyo, klabu nyingine inaweza kumchukua Desemba kwa Kanuni ya 5, kwa sharti la kumweka ligi kuu msimu mzima. Klabu husifu vijana wake wote mbele ya waandishi, lakini nafasi hizo 40 haizigawi kwa adabu.

Akishaingizwa, hesabu misimu ambayo klabu inaweza kumrudisha ligi ndogo, ambayo kwa kawaida ni mitatu. Ikiisha, kumshusha kunalazimu kwanza klabu nyingine zote zipewe nafasi ya kumdai, kwa hiyo mwezi wa Machi unaofuata ndio wa kumtazama kwa makini: ama atabaki na timu kuu, ama atauzwa, ama jina lake litaonekana kwenye orodha ya wanaoweza kudaiwa.