Kinoleo cha V Kitoke Kwenye Mfuko wa Kubebeshea

Msimu wa kubebesha parachichi, yaani kuunga kikonyo (kijitawi cha mti mzuri) kwenye mche, ukishapita huku Nyanda za Juu Kusini, simu zinazonifikia zinafanana: "Afisa, vikonyo vimekauka tena." Lawama zinagawanywa kwa jua, kwa baridi ya Njombe, kwa aliyeuza vikonyo na kwa kijana aliyebebesha. Mimi naomba nionyeshwe kisu. Mara nyingi, pembeni ya kisu, nakuta kinoleo kidogo cha plastiki chenye mdomo wa herufi V, kile chenye vyuma viwili vilivyopishana ndani. Unavuta kisu mara tatu, kinalia kwaruu, unaambiwa tayari.

Hapo ndipo hasara ilipoanzia. Kinoleo hicho kimetengenezwa kwa visu vya jikoni, na kwenye kisu cha kubebeshea kinaharibu kitu ambacho hamkioni kwa macho hadi vikonyo vianze kusinyaa.

Chukua kisu chako ukiangalie kwa ncha. Visu vingi vya kubebeshea vina ubavu mmoja bapa kabisa na ubavu mmoja wenye mteremko. Ubavu bapa ndio unaolala juu ya kikonyo unapokata, na ndio unaoongoza kisu kiende moja kwa moja kwenye mti. Mkato ukiwa umenyooka, kambiamu ya kikonyo inakutana na kambiamu ya shina kwa urefu wote wa mkato. Kambiamu ni tabaka jembamba sana kati ya gome na mti, halifiki hata milimita moja, na hakuna mahali pengine panapounga. Hii mnaijua.

Sasa kinoleo cha V hukwaruza pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa kawaida kwenye digrii 20 hivi kila upande. Hakijui kwamba upande mmoja ulitakiwa kuwa digrii sifuri. Ukivuta mara tatu, ubavu bapa unapata kijiteremko kidogo pale kwenye makali, tuseme upana wa milimita 0.3. Ni kidogo, lakini kinatosha. Kisu kikiingia kwenye kikonyo hakilali tena, kinainuka na kukwepa, kinatokea kabla ya pale ulipokusudia, na mkato unabaki na tumbo katikati. Unafunga utepe kwa nguvu, kwa nje panapendeza, ndani sehemu mbili zinagusana katikati tu na kuachana miisho yote miwili. Kikonyo kinaishi kwa maji yake yenyewe siku kadhaa, kisha kinakauka. Nanyi mnasema ni jua.

Kuna la pili. Vyuma vya ndani ya kinoleo hicho ni vigumu kuliko kisu, na havisagi, vinang'oa. Makali yanabaki na meno madogo kama ya msumeno. Ndiyo maana mtu ananionyesha kwa fahari jinsi kisu chake kinavyokata nyanya na kamba. Nyanya na kamba hupenda meno! Kikonyo hakipendi, meno hayo yanachana na kuponda chembe hai ambazo zilitakiwa kuunga. Anayepima kisu cha kubebeshea kwa nyanya anapima kitu kingine.

Kurekebisha uharibifu huo si kazi ya kubahatisha. Usisage ubavu bapa ukitafuta kufuta kijiteremko, utauharibu zaidi. Saga upande wa mteremko peke yake mpaka makali yarudi nyuma yakipite kile kijiteremko. Maana yake, kila kijiteremko cha milimita 0.3 kinakula milimita 0.3 za upana wa kisu. Rudia kosa hilo mara kumi, umepoteza milimita 3 kwenye kisu chenye upana wa milimita 15.

Sisemi mkitupe kinoleo cha V. Kipelekeni jikoni kikafanye kazi yake. Panga lina tupa yake, wala siligusi leo. Na wale mafundi wa baiskeli wanaopita mitaani kunoa visu, wapeni visu vya jikoni na mikasi, kisu cha kubebeshea msiwape. Jiwe lao linazunguka kwa kasi, na ukingo mwembamba hivi unachemka haraka. Ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu, chuma kilishafika karibu digrii 300 za sentigredi na ugumu wake umeondoka. Hakuna kinoleo kitakachourudisha.

Basi mnunue nini? Kwa kazi ya kitalu na shambani napendekeza bamba dogo la almasi, lile la chuma lililopakwa chembe za almasi za viwandani. Linabebeka mfukoni, halibonyei katikati, na linatumia maji tu. Ubapa wa kisu cha kubebeshea kwa kawaida una urefu wa sentimita 5 hadi 6, kwa hiyo bamba la sentimita 7 hadi 10 linatosha. Upana usipungue sentimita 2. Yapo ya ukubwa wa kadi ya benki, milimita 85 kwa 54, na hayo ni mazuri, ila ni membamba mno kushikwa mkononi kwa usalama. Ligundishe juu ya kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 2, ili vidole vikae chini ya uso wa bamba. Nimeshaona vidole vya kutosha vimefungwa kitambaa.

Chagua lenye uso mzima. Yapo yenye uso uliotobolewa matundu matundu, na ncha nyembamba ya kisu hunasa humo.

Kuhusu namba, yaani kipimo cha ukubwa wa chembe (namba ikipanda, chembe ni ndogo zaidi), sikilizeni vizuri kwa sababu wauzaji wengi hapa wanababaisha. Bamba namba 600 lina chembe za takriban mikroni 25 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na bamba namba 1200 takriban mikroni 9. Hizo mbili ndizo mnazotaka, na zipo mabamba yenye 600 upande mmoja na 1200 upande wa pili. Namba 325, mikroni 45, ni ya kurekebisha kisu kilichopigwa V au kilichomeguka, haimalizi kazi. Ukiishia hapo umerudi kwenye meno yale yale. Mwenye duka akikuambia "hili la kukwaruza linanoa haraka zaidi", anasema kweli, lakini hafikirii kikonyo chako.

Asiyeweza kununua almasi asikimbilie V kwa sababu ya bei. Nenda duka la vifaa ambako wapaka rangi magari wananunua msasa wa maji. Chukua karatasi moja namba P600 na moja P2000. Tafuta kibao kilichopigwa randa, urefu sentimita 10, upana sentimita 3, kikaguliwe kwa rula ya chuma dhidi ya mwanga: mwanga usipite chini ya rula. Gundisha P600 upande mmoja, P2000 upande mwingine. Namba za msasa na za almasi hazilingani ukipanda juu. P2000 ndiyo iliyo karibu na almasi 1200, si P1200, wengi wanakosea hapo. Kwenye msasa unavuta kisu kwa kurudi nyuma tu, mgongo ukitangulia, la sivyo unaichana karatasi. Ikichakaa, bandua, bandika mpya. Ni kinoleo cha mfukoni kamili na kinafanya kazi bora kuliko plastiki yenu.

Kinoo cha nyumbani kilichobonyea katikati kama mtumbwi hapana. Ngazi ya saruji hapana, na nashangaa kwamba bado nalazimika kuliandika hili.

Kabla ya kunoa, paka ubavu wa mteremko kwa kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia kwenye viroba. Laza mteremko juu ya bamba, sukuma mara mbili, angalia. Wino ukifutika mote, pembe iko sawa. Ukifutika karibu na mgongo tu, umelaza mno; ukifutika kwenye makali tu, umeinua mno. Kama kisu chako kina mteremko mwembamba ambao haulali wenyewe, pima kwa rula: kisu chenye upana wa milimita 15, mgongo uinuke milimita 5 kutoka kwenye bamba, chenye upana wa milimita 18, uinuke milimita 6. Hizo ni digrii 20 hivi. Msikadirie kwa jicho! Kwenye kisu cha milimita 15, ukiinua mgongo milimita 9 umeshapita digrii 35, hayo ni makali ya shoka.

Lowesha bamba kwa maji. Piga upande wa mteremko mara 8 hadi 10 kwenye namba 600, mkono mwepesi, uzito wa kisu na vidole viwili tu, kwa sababu kukandamiza kunang'oa chembe za almasi. Pitisha kidole gumba kwenye ubavu bapa, kutoka mgongoni kuelekea makali, kamwe si kwa urefu wa makali. Utasikia uzi mwembamba wa chuma umejikunja kuanzia shina la ubapa hadi ncha. Usiposikika kwa urefu wote, endelea, usihamie 1200. Ukishasikika, hamia 1200, piga mteremko mara 8 tena. Ndipo geuza: laza ubavu bapa wote juu ya bamba, makali na mgongo vyote vikigusa, piga mara 2 au 3 kuondoa ule uzi. Vyote vikigusa, narudia. Ukiinua mgongo hata unene wa karatasi mbili, umejitengenezea V yako kwa mkono. Malizia kwa kuvuta kisu kwa kurudi nyuma juu ya kipande cha ngozi, mkanda wa zamani unatosha, mara 10 kila upande.

Msitumie oili, na hasa oili chafu ya pikipiki. Inabaki kwenye ubapa, inahamia kwenye mkato, na huo utando hautaki kuunga. Maji, kisha kausha.

Bamba ni kazi ya asubuhi, kabla ya vikonyo kukatwa, si vikishakuwa vimelala kwenye kitambaa chenye unyevu vikikusubiri. Mchana ni ngozi tu, kila baada ya miche 25 hivi. Ngozi ikishindwa kurudisha makali, rudi kwenye 1200, mara 4 mteremko na mara 1 bapa. Ukijikuta unarudi kila miche kumi, kisu chako ni chuma laini, na hapo tatizo si kinoleo tena. Baada ya kila kunoa futa ubapa kwa spiriti, kwa sababu bamba lina utomvu wa jana.

Kupima, kata kijiti kibichi cha parachichi chenye unene wa penseli, mkato wa sentimita 3.5 kwa mvuto mmoja. Weka rula ya chuma juu ya mkato, inua kuelekea mwanga. Ukiona mwanga katikati au miishoni, usiguse kikonyo hata kimoja, rudi kwenye bamba. Mkato ukinyooka, kazi ianze. Kikonyo kikishika, macho yake (machipukizi) hufunguka wiki ya tatu au ya nne, na kwenye baridi huchelewa.

Vipo pia visu vya kubebeshea vyenye mteremko pande zote mbili. Hivyo vinaguswa sawasawa pande zote, kwenye bamba lile lile na hatua zile zile, ila hakuna upande wa kulaza bapa. Hakikisha kwa wino una kisu kipi kabla ya kuanza. Anayebebesha miche yake michache tu ya nyumbani anaweza kutumia wembe mpya, mradi kikonyo kiwe laini, kwa sababu kwenye kikonyo kigumu wembe unapinda na mkato unapinda nao. Wanaotumia mkono wa kushoto waulize dukani kisu cha mashoto kabla ya kulipa: ubavu bapa uko upande mwingine, na kunoa hakutaugeuza.