SOMO: Ganda la mzinga wa ndege limefutika alama zote, unalijuaje?

Wakuu kwema? Juzi kijana kaja karakana kwangu hapa Mwanjelwa na ganda la marehemu babu yake wa Tukuyu, mzee alikuwa anawekea ugoro, limesuguliwa kwa majivu na ndimu miaka yote mpaka kitako hakina hata herufi moja, na ukoo mzima unaapa limedondoka kwenye ndege ya ile vita ya Mjerumani. Tukalipima. Naweka hapa tulivyofanya.

Kabla ya yote, hii ni kwa ganda TUPU, yaani unamulika tochi unaona mpaka chini. Kama kichwa (ile risasi yenyewe inayoruka) bado kimo achana nalo hapo hapo lilipo, watoto wasisogee, piga 112. Na usije ukaona fataki (kile kiduara cha katikati ya kitako) imebonyea ukasema aah hii ilishapigwa, kuna zinazogongwa zikagoma, na hiyo ndo mbaya kuliko zote. Watu wa Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011, maghala ya silaha ya jeshi yalipolipuka, wananielewa.

Hatua ya 1, sumaku. Brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki) hainasi. Ikinasa ni chuma, Wajerumani walitumia sana maganda ya chuma Vita vya Pili maana shaba iliwaadimikia, ila usikimbilie kutoa jina kwa hilo tu.

Hatua ya 2, vernia (kile kipimo cha kubana). Pima mdomo kwa ndani, halafu urefu wa ganda, hata rula ya mtoto wa shule inafaa kwa urefu. La kwetu mdomo ukasoma 20, na hapo wengi wanaishia wanasema "ni ya milimita 20", sasa hizo si ziko kibao! Mizinga ya ndege za Vita vya Pili ilikuwa na majina yake: ya MG FF ya ndege ya Mjerumani Messerschmitt 109 za mwanzo ganda lina urefu wa 80, MG 151/20 nayo ya Mjerumani ni 82, ShVAK ya Warusi 99, Hispano ya Spitfire na Hurricane, ndege za Mwingereza, 110. La babu: 110.

Hatua ya 3, kitako, na hapa ndo penye utamu wenyewe. Kuna 110 mbili. Oerlikon ya kwenye meli, ya kutungulia ndege, nayo ni 20 kwa 110, mtu anakuuzia anakwambia ya Spitfire kumbe ya melini. Pima kitako kisha pima mwili juu kidogo ya ule mfereji unaozunguka ganda karibu na kitako. Oerlikon kitako kimekonda, kama 22 hivi wakati mwili ni karibu 25, unakisikia hata kwa kidole. Sababu ni kwamba kwenye mizinga ile risasi inapigwa huku bado inasukumwa kuingia, bolti inaifuata mpaka ndani ya chemba, sasa ile kucha ya kuvutia ganda lazima nayo ienee humo humo, ndo maana kitako kikapunguzwa. Hispano kitako na mwili karibu sawa, na juu ina bega (pale ganda linapopungua ghafla kuelekea mdomoni), wakati Oerlikon inachongoka tu taratibu mpaka mdomoni. La kwetu lina bega, kitako kimejaa. Hispano hiyo.

Sasa Mjerumani wa 1914 mpaka 1918 anatoka wapi hapo? Ndege za wakati ule huku kwetu zilikuwa za kupeleleza na kudondosha mabomu. Kijana akampigia bibi, bibi akacheka, "babu yako si alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika), hilo alikuwa analiita la Bama." Burma, 1944, na Hurricane zilikuwepo kule, zingine na mizinga minne ya Hispano. Alilipataje kaenda nalo kaburini.

Alama zikififia usipige msasa! Mulika tochi kwa ubavu, au weka karatasi juu usugue penseli.

MASWALI

Mdau wa Makambako: Mkuu langu mdomo 23, urefu 152. Ni la MiG?
Jibu: Hapana mkuu, 152 ni la mzinga wa chini wa kutungulia ndege. La MiG-21 ni 23 kwa 115.

Mdau wa Kalenga: Shambani tumelima tumeokota vidogo, mdomo kama 11, urefu 60, kitako kina ukingo.
Jibu: Hayo sasa ndo ya Mjerumani kweli, bunduki ya Mauser ya 1871, askari wake walikuwa nazo, zile za moshi mwingi. Sio za ndege.

Mdau wa Tukuyu: Ndaga fijo fundi. Mi nina kichwa tu bila ganda, pete yake ya shaba ina mikwaruzo ya mshazari, jirani anataka tukikate na grainda tuone ndani.
Jibu: Mwambie azime hiyo grainda sasa hivi! Mikwaruzo hiyo ni ya mtutu, maana yake kilipigwa kikatua bila kupasuka. Kiko wapi? Kama kiko ndani tokeni nje wote, usikibebe, piga 112 ukiwa nje.

Mdau wa Tukuyu: Kiko kwenye dirisha la jikoni.
Jibu: Toka nje kaka. Tutaongea baadaye.