Padi ya PS au Xbox na hedseti bila waya kwenye kompyuta

Wakuu, habari za jioni. Tangu niseme kwamba nachezea laptopu kwa padi ya PS4 hapa Majengo, Moshi, nimeulizwa maswali yale yale hadi nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja. Mwenye haraka achukue hili tu: padi iende kwa Bluetooth, hedseti iende kwa waya au kwa kipokezi chake cha USB. Ukivirundika vyote viwili kwenye Bluetooth ya laptopu, utalia.

Kabla hujatoa hela

Nianze na hasara yangu. Nilinunua padi ya Xbox One ya mtumba kwa shilingi 50,000. Muuzaji akaiwasha, taa ikawaka, tukaagana kwa furaha. Nyumbani nikakesha nayo, laptopu haikuiona. Kumbe padi za mwanzo za Xbox One, zile za 2013, hazina Bluetooth kabisa. Zinatumia redio ya Microsoft yenyewe, na kipokezi chake unanunua pembeni.

Kwa hiyo ukiwa dukani fungua kifuniko cha betri, usome namba ya modeli. Ikiwa 1537 au 1697, hakuna Bluetooth. Ikiwa 1708, iliyotoka 2016, au 1914 ya 2020, ipo. Karatasi imebanduka? Tazama plastiki inayozunguka kitufe chenye nembo ya Xbox. Kama ni ile ile ya uso wa padi, sawa. Kama inang'aa na imeungana na LB na RB, vile vitufe vya juu vya mabegani, hiyo ni ya zamani, mrudishie mwenyewe.

Upande wa PlayStation hakuna mtego huo, DualShock 4 (padi ya PS4) na DualSense (ya PS5) zote zina Bluetooth. Ila nenda na waya wako mwenyewe wa USB, maana waya nyingi za mtaani zinapitisha chaji tu, data hazipitishi, na utaishutumu padi bure.

Kuunganisha padi

Hatua ya kwanza. Padi ya PS4 ikiwa imezimwa, shikilia vitufe vya Share na PS kwa pamoja kama sekunde 5, mpaka taa ipepese harakaharaka. Kwenye padi ya PS5 ni Create na PS. Ya Xbox unaiwasha kwanza, halafu unashikilia kile kitufe kidogo cha juu, jirani na tundu la USB.

Hatua ya pili. Kwenye Windows fungua mipangilio ya Bluetooth, bonyeza "Add device", subiri. Padi ya PS4 huwa inajitokeza kwa jina "Wireless Controller" tu, usitegemee kuona neno Sony.

Hatua ya tatu, ambayo wengi wanairuka: bonyeza Windows na R, andika joy.cpl, litafunguka dirisha la kujaribia padi. Fungua padi yako pale, uzungushe vijiti na kubonyeza kila kitufe. Kama kijiti kinatembea chenyewe utakiona hapo, na utajua tatizo ni kijiti, si mchezo.

Hatua ya nne ni lugha. Michezo mingi ya Windows inaelewa lugha ya padi za Xbox, inaitwa XInput. Padi ya PS haiisemi, ndiyo maana unaweza kuiunganisha vizuri kabisa na mchezo ukaipuuza. Mchezo ukiwa ndani ya Steam, ile programu ya kununulia na kuchezea michezo ya kompyuta, ingia mipangilio ya Steam, sehemu ya padi, uwashe msaada wa PlayStation. Mchezo ukiwa nje ya Steam, tumia DS4Windows, programu ya bure inayoifanya padi ya PS ijitambulishe kama ya Xbox 360.

Hedseti, hapa ndipo kwenye kazi

Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti. Moja ni ya muziki: sauti nzuri, masikio yote mawili, lakini inakwenda upande mmoja tu, maiki haimo. Nyingine ni ya simu: maiki imo, ila sauti yote inashushwa hadhi. Ukianza kuongea na wenzako, Windows inahamia njia ya simu, na mchezo wote unasikika kama mtu anayeongelea ndani ya debe. Hedseti yako haijafa.

Dawa yake ni kuitenga maiki. Tumia maiki ya laptopu au ya waya, na kwenye mipangilio ya sauti chagua hiyo badala ya maiki ya hedseti. Hapo hedseti inabaki kwenye njia ya muziki. Bado utapata ucheleweshaji. Kwenye mpira unavumilika, lakini kwenye michezo ya risasi unakufa ndipo unasikia mlio.

Hedseti yenye kipokezi chake cha USB haina habari hizo. Sauti na maiki vinapita pamoja, ucheleweshaji ni mdogo. Mimi ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu, ningenunua hiyo na padi ningeichomeka waya.

Jambo moja limenisumbua wiki mbili nzima. Padi ilikuwa inakatika kila nikichomeka diski ya nje. Bluetooth inatumia masafa ya redio ya 2.4 GHz, vipokezi vingi vya hedseti 2.4 GHz, Wi-Fi nyingi nazo huko huko, na vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayo hayo. Ukiwa nyumba ya kupanga yenye ruta kila chumba, picha unaipata. Nilisogeza diski upande mwingine, kipokezi nikakitoa mbali kwa waya wa kurefusha, Wi-Fi nikaihamishia 5 GHz. Kimya mpaka leo.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Sakina, Arusha: Mkuu, nikibonyeza chini mara moja, menyu inashuka mara mbili. Padi mbovu?*

Si mbovu. Umewasha DS4Windows na msaada wa Steam kwa pamoja, mchezo unaona padi mbili. Zima mojawapo.

*Mdau wa Soweto, Moshi: Nimechomeka earphone kwenye padi ya PS4, hakuna sauti kwenye kompyuta.*

Kwa Bluetooth tundu hilo halifanyi kazi kwenye Windows. Unganisha padi kwa waya, kisha chagua padi kama kifaa cha sauti. Na wenye Xbox, kwa Bluetooth ni hivyo hivyo. Inataka waya au kile kipokezi cha Microsoft.

*Mdau wa Njiro: Ndugu yangu, asubuhi nakuta padi imekwisha chaji, na sikucheza usiku.*

Kufunga mchezo hakuizimi. Shikilia kitufe cha PS kama sekunde 10 mpaka taa izime. Umeme wenyewe huu wa kukatikakatika, usilale nayo inawaka.

*Mdau wa Pasua: Nina banda la gemu. Kijana kaunganisha padi yangu kwenye laptopu yake, sasa PS4 haiioni. Ameiharibu?*

Hapana kaka, padi inamkumbuka yule wa mwisho tu. Ichomeke kwenye PS4 kwa waya, bonyeza PS, inarudi nyumbani. Ikigoma, kuna kitundu kidogo nyuma, karibu na kitufe cha L2. Ingiza pini, bonyeza sekunde chache, halafu rudia.

*Mdau wa Ngarenaro: Kompyuta yangu ya mezani haina Bluetooth.*

Nunua kipokezi cha USB cha Bluetooth 4.0 au zaidi. Usikichomeke nyuma ya kasha la chuma chini ya meza, kichomeke mbele.